Shahidi Aliyejifunika Kaniki

Habari hizi ni za Tusekile, ingawa nami nitajitokeza humo mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sina budi. Siku alipohitaji mtu wa kuyafikisha maneno yake, aliyesimama hapo ni mimi, Liberatus wa Kalenga, mkalimani wa Bwana Shauri, yaani mzungu mkuu wa wilaya, nikiwa na kaptura iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Nilikuwa najisikia sana miaka ile. Mkinicheka, mna haki.

Tusekile aliolewa Iswagala mwaka 1947, akiwa msichana wa miaka kumi na minane. Iswagala ni kijiji cha Wanyakyusa waliopanda kutoka upande wa Tukuyu kutafuta ardhi kwenye vilima vya juu ya Mbeya, katikati ya Wasafwa. Baridi ya huko haina huruma. Walipanda migomba yao hivyo hivyo, ikadumaa, majani yakachanwa na upepo, lakini Mnyakyusa asiye na migomba nyuma ya nyumba hajioni kama amefika kwake. Walilima viazi, mahindi na pareto, walifuga ng'ombe, na Jumapili walijaa kanisani. Mume wa Tusekile, Asukile, alikuwa mtu wa Chunya, maana yake alichimba dhahabu huko vumbini na kurudi nyumbani mara mbili kwa mwaka, macho mekundu, akiahidi mambo makubwa. Mtu mzima wa ukoo aliyekuwa karibu na Tusekile siku zote ni baba mkwe wake, Mzee Andendekisye.

Karibu kwa namna yao. Katika miaka kumi na moja Tusekile hakuwahi kumwona yule mzee hata mara moja.

Ndiyo desturi ya kwao. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja. Mzee akikaribia njia ya kisimani, anakohoa. Mkwe akisikia anaacha njia, anaingia migombani, anachuchumaa na kujifunika kaniki kichwani mpaka hatua zipite. Asiyefanya hivyo ameitukana nyumba nzima iliyomwoa. Mchungaji Abrahamu alihubiri mara kadhaa kwamba katika Kristo hakuna kufichana. Wakaitikia amina. Kisha Andendekisye akawa anakwenda ibada ya asubuhi na Tusekile ile ya mchana, na mchungaji akachoka.

Msidhani hawakupendana. Tusekile alimjua mzee kwa kikohozi: kikavu, mara mbili, halafu fimbo ikigonga jiwe. Akikuta mzigo wa kuni umefungwa vizuri kando ya njia, alijua umetoka kwa nani. Alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, Fanueli, mzee alisimama nyuma ya nyumba mvuani tangu mchana hadi jioni, akikohoa taratibu kila baada ya muda, ili aliye ndani ajue kwamba hayuko peke yake. Wengi walikuja kumpa pole siku ile. Tusekile anasema anamkumbuka huyo mmoja tu.

Nayajua haya kwa sababu mke wangu, Atuganile, ni binti wa Iswagala, na yeye na Tusekile walikuwa marafiki wa kisimani. Nayajua pia kwa sababu yalinikuta. Mwaka 1950 nilimpeleka Atuganile kwetu Kalenga kwa mara ya kwanza. Baba yangu, Silvester, alitoka nje mikono wazi, akasalimu "Kamwene!" na hapakuwa na wa kumwitikia. Bibi arusi alikuwa amekwisha kimbilia nyuma ya ghala na kaniki kichwani.

"Liberatus," baba alisema, "mwanamke wako ananiona mimi fisi?"

Ilinichukua siku mbili kumweleza. Sisi Wahehe hatuna ukali wa namna hiyo. Alipoelewa aliipenda heshima ile kupita kiasi, akawa anakohoa hata anapokwenda chooni. Kwa hiyo nikifika mahali pa aibu katika habari hizi, asitokee mtu wa kunitetea kwamba sikujua.

Sasa twende kwenye siasa, maana ndiyo iliyotuharibia.

Mwaka 1954 nilikuwepo Kalenga waliporudisha fuvu la Mkwawa. Watu walijaa, ngoma, askari wamejipanga, wakubwa wamevaa manyoya kofiani. Tuliambiwa wataalamu huko Ulaya walilipima, wakalitambua kuwa ndilo. Wazee waliinama, wengine walilia. Bibi mmoja kando yangu aliuliza kwa sauti ndogo ni nani hasa aliyelitambua, na kama kuna mmoja wao aliyepata kumwona mwenyewe akiwa hai. Nilimwambia anyamaze. Nilikuwa na kaptura yangu ya Serikali na sikutaka aibu. Lakini nakumbuka pia wazo jingine la siku ile, wazo la hofu: mtu anayeanza kurudisha alivyochukua, safari yake imekaribia.

Na kweli. Miaka mitatu baadaye kadi za TANU zilikuwa zimefika mpaka Iswagala. Wazungu wa mashamba walianza kuuza meza na vitanda. Bwana Shauri wetu alimtanguliza mke wake kwao Uingereza, na nyumbani kwake kulikuwa na masanduku ya mbao yaliyopigwa misumari, yamepangwa ukumbini. Ungedhani mtu wa namna hiyo angelegeza kamba. Wapi! Amri ziliongezeka. Josho la saruji lilijengwa Iswagala kwa kazi ya lazima, na kila ng'ombe akatakiwa kutumbukizwa dawani. Wiki ya kwanza ng'ombe wawili walimeza dawa wakafa. Watu walinung'unika, faini zikamiminika.

Mzee Andendekisye alisimama barazani, amevaa koti lake kuukuu la jeshi lililomfika miguuni. Ujanani alibeba mizigo ya Wajerumani mabegani, wakati wanakimbizwa na Waingereza kutoka mto hadi mto.

"Mimi nimeshaona mzungu akiondoka," alisema. "Siyo mara ya kwanza hii. Akifungasha mizigo ndiyo anakuwa mkali. Mjerumani alipoondoka alichoma ghala zetu, alichukua baba zetu, hata mbegu hakutuachia. Kwa hiyo mkiona huyu anafunga masanduku, msicheke. Ficheni mbegu."

Bwana Shauri aliniuliza anasema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, vizuri sana, najivunia. Aliandika yote. Jina la mzee likaingia kwenye faili.

Mwezi wa sita mwaka 1958, alfajiri ya Jumanne, kukiwa na ukungu mzito, josho lilivunjwa kwa nyundo. Dawa ikamwagwa. Saulo, tarishi wa baraza aliyekuwa analinda pale, alipigwa mpaka akapoteza jicho moja. Alipoweza kusema, alisema hakutambua sura ya mtu, ila kati ya waliokimbia aliona koti la jeshi.

Makoti ya jeshi yalikuwapo mengi vilimani. Kila kijana aliyerudi kutoka vitani Burma alirudi na lake. Lakini mwenye koti aliyekuwa na faili ni mmoja. Walimkamata asubuhi ile ile akiwa kwa ndugu yake Anania, upande wa juu, mwendo wa saa nzima kutoka joshoni.

Utetezi wake ulikuwa mfupi. Alisema alfajiri ile alitoka nyumbani kwenda kumtazama ng'ombe wake aliyezaa kwa Anania. Njiani, karibu na kisima cha juu, alimkuta mkwe wake. "Mkwe wangu alinikimbia," alisema. "Mwulizeni." Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu aliyeweka mezani karata isiyoshindwa. Na mbele ya wazee wa Kinyakyusa ingekuwa hivyo. Mwanamke anayesema nilimwona fulani anaweza kukosea, giza lile na ukungu ule. Mwanamke aliyeacha debe la maji likamwagika akakimbilia migombani, huyo hakosei, kwa sababu mguu wake ulijua kabla ya kichwa.

Mzee alikuwa na miaka sitini na kitu, na kifua kibovu. Akifungwa, hatoki. Kijiji kizima kilijua hivyo, na kilijua pia kwamba kilichobaki kati yake na kifungo ni neno la Tusekile.

Siku mbili kabla ya kesi Bwana Shauri aliniita ofisini. Alikuwa amekonda. Bastola iliyokuwa ikikaa ndani ya kabati sasa ilikaa juu ya meza, juu ya karatasi, kama kitu cha kuzuia upepo.

"Liberatus," aliniambia, "siku moja viti hivi vitakaliwa na watu wa hapa. Nimeulizwa nipendekeze majina. Lako nimeliandika." Nikashukuru. Akaendelea, "Ila una tabia moja. Shahidi akisema neno moja wewe unaleta na desturi za babu yake. Hakimu hafanyi hivyo, na mkalimani hafanyi hivyo. Lete lililosemwa. Basi."

"Ndiyo, bwana."

Sikumwambia Atuganile. Nilimwambia tu kwamba huenda tukahamia Iringa, kwenye nyumba ya bati.

Kesi haikusikilizwa mjini. Bwana Shauri aliipandisha Iswagala kwenyewe, kwenye jengo la baraza, ili watu waone na washike adabu. Lilikuja lori la askari wenye bunduki. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa na haukuinuka siku nzima. Watu walikaa nje kwenye nyasi zilizoloa, mamia, kimya. Nimezoea kelele za mabaraza. Kwa kimya kile nilifunga vifungo vya shati hadi shingoni, nikajisingizia kuwa ni hali ya hewa.

Saulo alisema yake, kitambaa jichoni. Nilimwonea huruma, naye hakumchukia mzee, alisema koti tu, koti. Kisha akaitwa Tusekile.

Aliingia kinyumenyume, kaniki imemfunika hadi kiunoni, akipapasa ukuta kwa mkono. Kizimba cha mzee kilikuwa kulia kwake, hatua nne. Alipofika mahali pa shahidi alichuchumaa na kuuelekea ukuta. Wanawake nje, waliokuwa wakichungulia dirishani, walinong'ona kwa kumhurumia. Hakuna mkwe wa Iswagala aliyewahi kuwekwa chumba kimoja na baba mkwe.

"Asimame," alisema Bwana Shauri. "Ageuke."

Alisimama. Hakugeuka.

Ikabidi tuendelee hivyo. Bwana Shauri aliuliza, nami nikamfikishia kwa Kinyakyusa: Jumanne ile, alfajiri, karibu na kisima cha juu, ulimwona mshtakiwa?

Tusekile alijibu mara moja, kwa sauti safi, na ndani yake mlikuwa na mshangao mdogo, mshangao wa mtu mzima aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Sikumwona. Nitamwonaje?"

Nitamwonaje. Hapo ndipo palikuwa na kesi yote. Kila aliyekuwa kwenye nyasi alisikia akaelewa: alipita, nami nilijificha kama inipasavyo, ningemwonaje? Ningeongeza maneno kumi tu. Ningesema, bwana, kwa hawa watu kutomwona ndiko kumkuta. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, kwa Kiingereza kizuri. Nikaona moyoni ile bastola ya ofisini juu ya karatasi, nikaona kiti, nikaona nyumba ya bati Iringa.

"Hakumwona, bwana," nilisema.

Hata lile swali lake nililiacha. Nilijiambia shahidi haruhusiwi kuuliza mahakama. Binadamu hakosi kanuni ya kujifunika.

Bwana Shauri aliandika. Kalamu ilikwaruza. Kisha akauliza kama alimwona mtu mwingine yeyote. Hapana. Akauliza, basi kwa nini mshtakiwa amemtaja? Tusekile hakujibu. Alikuwa amejibu. Alikuwa anasubiri wanaume wamalize kazi yao na kumwachia mzee aende nyumbani.

"Mwambie amtazame mshtakiwa," Bwana Shauri alisema, "aseme kama anamfahamu. Amguse bega."

Hilo nililifikisha, Mungu anisamehe. Nilisikia pumzi ikivutwa nje, watu wote kwa pamoja. Tusekile alijisogeza karibu zaidi na ukuta. Alishika kaniki kwa mikono miwili chini ya kidevu. Askari mmoja kijana, si mtu wa huku, alidhani anasaidia; alimshika mabega akamgeuza na kuivuta ile kaniki mpaka ikaanguka. Tusekile akafumba macho, akaziba uso kwa viganja, akapiga kelele moja fupi.

Na Mzee Andendekisye, kizimbani, aligeuka haraka akaupa ukuta uso wake. Alifanya hivyo ili kumsitiri. Akabaki hivyo, mgongo kwetu, mkono juu ya chuma cha kizimba.

Bwana Shauri alitazama, akaandika tena. Nilikuwa nyuma yake na nikaona alichoandika: mshtakiwa alishindwa kumtazama shahidi usoni.

Hapo mzee alisema, bado ameelekea ukutani, kwa sauti isiyo na hasira hata kidogo. "Liberatus. Wewe mkwe wetu, umeoa hapa. Unajua. Waambie."

"Anasema nini?"

Niliangalia kalamu yake. "Analalamika tu, bwana."

Miaka mitano na kazi ngumu.

Nilitegemea fujo. Askari nao walitegemea, walikuwa wameshika bunduki tayari. Watu waliinuka kwenye nyasi mmoja mmoja, wakajifuta umande, wakaondoka bila neno, na hakuna aliyetazama nyuma. Wiki ile vipande vya saruji vya lile josho vilianza kupungua, kila asubuhi vichache, hadi pakabaki shimo tupu. Hakuonekana mtu. Bwana Shauri akapiga marufuku wanaume wa Iswagala kutoka wilayani bila kibali chake, na kibali hakikutoka. Asukile alizuiwa huko huko Chunya asirudi kijijini, baadaye tukasikia amevuka mpaka kwenda migodi ya kusini. Hakuandika barua.

Atuganile hakunigombeza. Alinipakulia chakula, akanisalimu kwa Kiswahili. Kwa miaka minane tulikuwa tunaongea Kinyakyusa ndani ya nyumba, hata kugombana. Tangu siku ile aliniongelesha Kiswahili kama ninavyoongeleshwa ofisini. "Chakula tayari." "Mvua inakuja." Nilingoja kipite. Hakikupita.

Mwanzoni mwa 1959 tulihamia Iringa, Kihesa, nyumba ya bati kama nilivyotaka. Nilikuwa najifunza uhakimu. Chama kilikuwa kimekwisha shinda kura zake, na watu walisema wazi sasa kwamba ni suala la miaka, labda mwaka. Nami nilikuwa nimekwisha nunua kadi. Katibu wa tawi la Kihesa, Yohane, mtu mpole mwenye miwani, aliniandikia yeye mwenyewe, akakausha wino kwa kupuliza.

"Bwana Liberatus, tutakuhitaji," alisema. "Viti vitakuwa vyetu. Na mafaili je, unadhani wataondoka nayo?"

Nilisema sijui.

"Mengine yatabaki. Usijali. Sisi tunajua kusoma."

Alitabasamu, akanipa kadi kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani kwa miguu na jua lilikuwa kali, lakini nilikuwa nimejikunja kama mtu wa Iswagala kwenye ukungu. Nilimkumbuka mzee na koti lake. Alikuwa ametuambia tumwogope anayefungasha. Hakutuambia tufanye nini na wanaobaki na funguo, labda kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba mimi ningekuwa mmoja wao.

Mwezi wa nane, kipupwe kikiwa bado hakijaisha, Tusekile alishuka kwenye basi la Relwe, lile la shirika la reli, na kuja mlangoni kwetu Kihesa na kikapu kimoja. Alikuwa amezeeka miaka kumi katika mwaka mmoja. Mzee Andendekisye alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kifua, katika gereza la shamba nje ya mji, na taarifa ilifika kwa Mchungaji Abrahamu. Anania hakupewa kibali. Mwanamume yeyote wa ukoo hakupewa. Wanawake hawakutajwa kwenye ile amri, kwa hiyo alikuja mwanamke.

"Nimekuja kumchukua," alimwambia Atuganile. Mimi hakunisalimu.

Asubuhi yake nilikwenda naye. Nilivaa suruali ndefu na tai, nikajiambia cheo changu kitarahisisha. Kilirahisisha. Askari jela wa zamu alinipigia saluti, akatupeleka kwenye kijumba cha mawe nyuma ya ghala la mahindi. Mwili ulikuwa juu ya meza, umefunikwa blanketi la kijivu. Askari alishika karatasi.

"Hapa panatakiwa ndugu," alisema. "Amtazame marehemu, aseme ndiye au siye, aweke sahihi. Bila hivyo anazikwa hapa hapa. Wiki iliyopita wamekufa wawili, hatutaki kuchanganya watu."

Nikamtazama Tusekile. Kaniki ilikuwa kichwani, imeshushwa hadi puani.

"Mama, wewe ni nani yake?" askari aliuliza.

"Mkwe wake."

"Basi mtazame tu, mama. Unamjua."

"Simjui sura," alisema Tusekile.

Askari alicheka kidogo, akidhani ni uchungu unaomsemesha. "Mkwe wa miaka mingapi asiyejua sura?"

"Kumi na miwili."

Askari alishusha karatasi. Nje wafungwa walikuwa wanapukuchua mahindi, sauti kavu kavu, na mmoja wao alikohoa. Nikaona mabega ya Tusekile yakishtuka, mguu wake ukarudi nyuma nusu hatua, kutafuta migomba. Kisha akakumbuka mahali alipo.

Aliinua mikono akaishusha kaniki mwenyewe, hadi mabegani. Akasogea mezani. Askari alifunua blanketi. Tusekile alitazama kwa muda mrefu, bila kulia, kwa makini ya mtu anayesoma barua kwa shida.

"Kumbe mfupi," alisema.

Halafu akanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu siku ya baraza, na alisema nami kwa Kinyakyusa.

"Ndiye?"

"Tusekile..."

"Mimi sikumwona. Uliwaambia hivyo, ni kweli. Wewe ulimwona siku nzima, mbele na nyuma. Ndiye? Nisije nikampeleka nyumbani baba wa watu wengine. Sema wewe. Safari hii sema."

Nilimtazama mzee. Walikuwa wamemnyoa ndevu. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama alikuwa bado anangoja niwaambie.

"Ndiye," nilisema. Nikasema tena kwa Kiswahili, kwa askari. "Ni yeye. Ni Andendekisye wa Iswagala. Namtambua."

"Vizuri, bwana," askari alisema, akaweka karatasi dirishani na kuichovya kalamu. "Basi shahidi utakuwa wewe. Uhusiano na marehemu niandike nani?"

Nilifungua mdomo. Neno nililotaka ni lile ambalo mzee aliniita akiwa ameupa ukuta uso. Mkwe. Lakini Tusekile alikuwa amekwisha jifunika, na alijibu yeye kutoka ndani ya kaniki, kwa Kiswahili, polepole ili askari asikosee.

"Andika, mkalimani."

Askari akaandika hivyo, akanipa kalamu.